Mlevi Hahitaji Mtu wa Juu Yake

Ukiuliza Likasi, mji wa machimbo wa Katanga, Kongo, au katika vijiji vya wavuvi vilivyo kandokando ya Ziwa Tshangalele, mtu aliyeshindwa na pombe aende wapi, jibu utakalopewa karibu kila mara linatazama juu. Apelekwe kwa mchungaji, afunge siku kadhaa, pepo la ulevi limtoke. Apelekwe Lubumbashi, kwa madaktari wa kichwa. Au basi ukoo umwekee mkubwa wa kumsimamia, mjomba au kaka mwenye mkono mzito, amshikie mshahara na kumfungia mlango jioni. Ukitaja kwamba walevi wenyewe wanaweza kukaa pamoja mara moja au mbili kwa wiki, wakazungumza wao kwa wao bila mchungaji, bila daktari na bila mjomba, na kwa njia hiyo wakaacha kunywa, utachekwa. Kipofu na kipofu mwenzake! Wataishia kwenye lutuku, pombe kali ya kienyeji, wawili badala ya mmoja. Na mwenye adabu, asiyependa kukucheka, atakwambia kwa huruma kwamba mambo hayo yapo Ulaya na Marekani, hapa kwetu hakuna.

Maoni hayo yamekosea, na kosa lake lina gharama, maana yanamfundisha mlevi kungoja. Anangoja mchungaji mwenye upako zaidi ya yule wa mwaka jana, anangoja nauli ya Lubumbashi, anangoja shirika fulani lije lifungue kituo. Wakati anangoja, anakunywa. Ninalodai hapa ni hili: kinachomshikilia mtu nje ya pombe kwa miaka ni kukaa mara kwa mara na watu wa hali yake mwenyewe, walio sawa naye. Mchungaji, daktari na mjomba wana kazi zao, na baadaye nitasema zipi, lakini hawawezi kuishika nafasi hiyo kwa sababu wanasema kutoka juu. Kikundi cha namna hiyo hakina haja ya kuletwa Likasi na mtu yeyote. Hata huko kunakosemwa kwamba ndiko kwake, hakikuletwa.

Tuanze na huko. Mwezi wa Mei 1935 dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama Akron, mji wa viwanda vya matairi katika jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imevunjika, mfukoni hana kitu, na tangu aache pombe ilikuwa imepita miezi michache tu. Akiwa katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, baa ikiwa hatua chache kutoka alipo, alijua kwamba akibaki peke yake atakunywa. Hakukuwa na mkutano wa kwenda, Akron wala kwingine duniani. Akaenda kwenye simu, akatazama orodha ya makanisa iliyobandikwa hapo, akampigia mchungaji asiyemfahamu, Walter Tunks. Hakumwomba maombi. Alimwomba amsaidie kumpata mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo akafika kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling, na mama huyo akamkutanisha na Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikuja akiwa amekubali kukaa robo saa tu na akakaa saa kadhaa. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na ndiyo siku ambayo Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi, inaihesabu kuwa ya kuanzishwa kwake. Wa tatu walimfuata kitandani katika hospitali ya mji huohuo, alikuwa wakili. Miaka miwili baadaye walipojihesabu, walioacha pombe walikuwa kama arobaini. Leo wanasema wamo katika nchi zipatazo 180.

Mtazame sana huyo daktari Smith, maana kisa chake chote kinajibu hoja ya Likasi. Elimu ya tiba alikuwa nayo. Ilikuwa kazi yake. Hospitali alizijua kwa pande zote mbili, kama daktari na kama mgonjwa. Maombi nayo hakuyakosa: kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya siku ile alikuwa akihudhuria mikutano ya Oxford Group, kundi la Wakristo waliokuwa wakiungama dhambi zao na kusali pamoja, na waliokuwa wakimpenda na kumwombea kwa jina. Kwa miaka hiyo yote aliendelea kulewa. Yaani yale mambo mawili ambayo kwetu mlevi anaambiwa ndiyo tegemeo lake, yeye alikuwa nayo yote, tena ya daraja la juu, na hayakutosha. Kilichoongezeka mwaka 1935 ni mtu mmoja aliyezungumza naye kama mlevi kwa mlevi, ambaye hakuja kumponya. Alikuja kujiokoa nafsi yake, na alimwambia hivyo.

Ataniambia msomaji kwamba kisa kimoja si ushahidi, na atakuwa amesema kweli. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliidharau AA kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni simulizi tu. Mwaka 2020 John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walichapisha kupitia mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kupima matibabu kwa ukali, mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Walilinganisha programu zinazomwelekeza mlevi kwenye mikutano ya AA na tiba nyingine zinazoheshimika, kama ile ya mwanasaikolojia kumfundisha mtu kubadili fikra na mazoea yake. Baada ya miezi 12, waliokuwa hawajagusa pombe kabisa upande wa AA walikuwa kama asilimia 42, na upande wa pili asilimia 35. Tofauti si ya kupigia vigelegele, na anayetaka kunipinga aisome namba hiyo kwa upande wake wa pili: zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa tena. Sikatai. Lakini kilichoshindanishwa hapo ni kumwelekeza mtu kwenye kikao kisicho na ada na tiba ya watu waliosoma miaka mingi na kulipwa kwa saa. Kwa mji ambao wataalamu wa namna hiyo ni wachache kuliko maduka ya bia, hiyo ndiyo namba ya kuangalia.

Tena kuna ushahidi wa karibu zaidi, uliopatikana kwa Kiswahili. Eldoret, magharibi mwa Kenya, katika mpango wa AMPATH unaowahudumia wenye virusi vya UKIMWI, mtafiti Rebecca Papas na wenzake waliwachukua wagonjwa 75 wanywaji wa kupindukia, wanywao busaa na chang'aa, ambayo ni ndugu wa lutuku yetu. Baadhi yao waliwekwa katika vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki sita, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasiokuwa madaktari wala wanasaikolojia. Matokeo yalitoka mwaka 2011: siku 90 baada ya vikao, asilimia 69 ya wale wa vikundi walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Baadaye jambo hilo lilirudiwa kwa watu 614 na matokeo yakaelekea upande uleule. Ni kweli kwamba vikundi hivyo vilikuwa na viongozi waliofunzwa, kwa hiyo havikuwa AA, na havithibitishi kila ninachosema. Vinathibitisha kipande ambacho Likasi hukataa kwa nguvu zaidi: kwamba Mwafrika wa kawaida, mnywaji wa pombe ya kienyeji, akikaa katika duara na wenzake chini ya mtu asiye na shahada, anaweza kuacha.

Hapo ndipo inapokuja hoja inayopendwa kuliko zote, ya utamaduni. Sisi hatusemi siri zetu mbele za watu, wanasema. Mwanaume wa Katanga hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema pombe imenishinda. Hoja hii inashangaza hasa inapotolewa Katanga, kwa sababu ni Katanga hii iliyoizaa Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyekuwa tayari amejulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alihamia Kolwezi mwaka 1953, na katika makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo, kuanzia Musonoi, likatokea kundi la watu wa ndoa waliokutana kwa mafundisho. Waliitana Baba na Mama. Walizungumza kwa Kiswahili cha huku, na kilichokuwa kiini cha mikutano yao ni kuambiana mawazo: mume kwa mke, mke kwa mume, jozi moja kwa jozi nyingine, hata mambo ya ndani ya nyumba. Jamaa ilienea katika miji yote ya machimbo, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971. Wachimbaji hao hawakuwa Wazungu wala wasomi wa saikolojia. Walikuwa watu wa zamu ya usiku, wenye mikono migumu, na walifungua vifua vyao kwa miaka.

Jamaa haikuundwa kwa ajili ya ulevi, wala simwiti mtu airudie. Mwisho wake wenyewe una la kufundisha: ngazi za kuingizwa, ambazo wa nje hawakuruhusiwa kuzijua, zilizua uvumi, makundi yakagawanyika, na kufika miaka ya 1970 maaskofu walikuwa wamewageuka wengi wao. AA ilikwepa shimo hilo kwa kanuni iliyowachukua miaka kuiandika, kwamba kiongozi katika kikundi ni mtumishi wa zamu na hana amri juu ya mtu. Lakini kuhusu swali lililo mbele yetu, kama watu wa huku wanaweza kusema yaliyo moyoni mbele ya wenzao, Jamaa ililijibu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na kama Kolwezi ya wakati wa Wabelgiji ni mbali, kuna Uganda ya 1987. Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI mwaka huo, na wenzake wachache walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa huo, wakati ambapo kujulikana kuwa nao kulimfanya mtu atengwe hata katika sahani. Walikaa, wakasema. Kuna pia Kivu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wanawake wa vijiji vya mashariki mwa nchi yetu hiihii, waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono, walipewa kikao kimoja cha faragha na 11 vya kikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa kienyeji. Miezi sita baadaye waliobaki na dalili za huzuni kali au hofu walikuwa asilimia 9, na kwa wenzao waliosaidiwa mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42. Ikiwa hilo limeweza kusemwa katika kikundi, sijui ni siri gani ya mlevi iliyo nzito kuliko hiyo. Mlevi anayebebwa kila Jumamosi kupitia barabara kuu ya Kikula, hapa Likasi, hana hata siri ya kuficha.

Sasa kanisa. Nitasema kwa uangalifu, maana chumba cha maombi kimewatoa watu kwenye pombe, na anayekataa hilo hajakaa Katanga. Mtu akiacha siku aliyoombewa na asirudi tena, hana haja ya makala yangu. Ninayemtetea ni yule aliyerudi. Utaratibu wa ushuhuda unamnyima mlango. Alisimama mbele ya kusanyiko akasema amefunguliwa, watu wakapiga makofi. Miezi mitatu baadaye akanywa. Afanye nini? Akirudi aseme, amelifedhehesha kanisa na kumfanya mchungaji mwongo. Kwa hiyo hunywa kwa kujificha, halafu huhama kanisa, na huko anakohamia hufunguliwa upya. Kikao cha walio sawa hakina shida hiyo kwa sababu hakuna aliyetangaza kwamba amemponya mwenzake. Aliyeanguka jana anakaa kwenye kiti kilekile leo, na mara nyingi ndiye anayesikilizwa zaidi. Wala hakuna sababu ya mchungaji kukiogopa: AA yenyewe ilitoka tumboni mwa Oxford Group, hatua zake kumi na mbili zinamtaja Mungu waziwazi, na kumbi nyingi inamokutania duniani ni za makanisa. Inachokataa ni mchungaji kukalia kiti cha mbele.

Kwa daktari nitakuwa mfupi, ila hapa msomaji asiruke mstari. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku tangu asubuhi asiache ghafla peke yake nyumbani, wala asifungiwe chumbani na mjomba au na waombaji. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu na watu wasiokuwepo, moyo ukaenda mbio, na wako wanaokufa. Mara nyingi hali hiyo ndiyo inayoitwa pepo linalogoma kutoka. Inatibika kwa dawa za kutuliza kama diazepamu na vitamini B1, chini ya macho ya muuguzi. Hiyo ndiyo kazi ya hospitali, na kituo cha Joseph Guislain cha Lubumbashi, kinachoendeshwa na Frères de la Charité, kipo kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo. Lakini kazi hiyo huisha baada ya siku au wiki chache. Mgonjwa anarudi Likasi, kilomita zipatazo 120, mwili umesafishwa, na anashuka kwenye gari mtaa uleule, kwa marafiki walewale, na bia ya Simba baridi mezani. Kuanzia hapo hadi kufa kwake hakuna daktari atakayekuwa naye saa kumi na moja jioni.

Mjomba ndiye dhaifu kuliko wote, na Tshangalele inaonyesha kwa nini. Ziwa hili halikuwepo kabla ya bwawa la Mwadingusha kuuzuia mto Lufira, karibu 1930, ili machimbo ya Union Minière yapate umeme. Maji yalipotanda samaki wakaja, na samaki wakawaita watu. Wengi waliojenga kambi ufukweni wamekuja kutoka mbali, ukoo wameuacha nyuma. Mjomba wa kumshikia mtu fedha hayupo. Kilichopo ni fedha taslimu inayoingia mkononi asubuhi samaki wakishauzwa, siku nzima isiyo na kazi hadi nyavu ziteremshwe tena, na lutuku iliyo karibu kuliko maji safi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atafute mkubwa wa kumsimamia umemwambia afe. Wa hali yake, lakini, wamejaa kambini. Anayesema hakuna rasilimali ya kumtibu mlevi kando ya ziwa hajaihesabu rasilimali iliyo nyingi kuliko zote, walevi waliochoka. AA ilikwishaligundua hilo tangu zamani: mabaharia na watu waliokuwa peke yao mahali pa mbali waliandikiana barua, na barua hizo zikahesabiwa kuwa mkutano wao. Mwenye simu na WhatsApp huko Kapolowe, karibu na ziwa, ana zaidi ya walichokuwa nacho.

Wapo watakaosema nazungumza juu ya maneno wakati ugonjwa ni njaa. Gécamines, kampuni ya machimbo ya serikali, ilianguka, mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa fedha kidogo mara moja, na baba wengi wa Likasi wakazeeka kwenye kiti cha mbele ya nyumba wakiwa na glasi. Rudisha kazi, wanasema, na pombe itaondoka yenyewe. Naielewa hasira yao na sehemu kubwa ya lawama nakubaliana nayo. Ila pombe haikungoja 2003. Ilikuwepo siku za mshahara kamili, na leo wachimbaji wadogo wenye fedha nzuri nao wanakunywa. Kazi ikimkuta mtu akiwa tayari ni mraibu, huwa inalipia chupa. Na wale wa Akron walianza katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani, Bill mwenyewe hana kazi. Kuwafukuza akina mama wanaopika lutuku nako hakusaidii, kwa sababu wengi wao ndio wanaolipia shule za watoto ambao baba zao wanakunywa. Kila msako huwahamisha uwanja mmoja mbele, na polisi huondoka na kidumu.

Hoja ya fedha ina sura nyingine, mpya zaidi, ambayo naiogopa kuliko ile ya kwanza. Tangu Kanuni ya Madini irekebishwe mwaka 2018, makampuni yanadaiwa kuandikiana na wananchi orodha ya miradi na kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Vizuri. Basi inasemwa: tungoje kampuni itujengee kituo cha walevi, chenye ukuta, bango na mkurugenzi. Kampuni ijenge vitanda hospitalini na kununua dawa. Huko fedha yake inahitajika. Kikundi isikiguse. Mwishoni mwa mwaka 1937 watu wa AA walimwendea John D. Rockefeller mdogo, tajiri wa mafuta, wakitarajia mamilioni. Akawawekea dola 5,000 tu, akisema fedha nyingi ingeiharibu kazi yao. Walinuna, kisha wakaona alikuwa sahihi, na baadaye wakaweka kanuni ya kukataa fedha ya nje. Likasi tunajua bila kufundishwa na Rockefeller jinsi mwenye shida anavyogeuka mwenye mradi: kunatokea rais wa kikundi, mtunza hazina, posho ya kikao, na walevi wa kukodiwa siku ya mgeni. Likelemba zetu, vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, zimedumu kwa miaka mingi bila mfadhili. Wanawake kumi wanaaminiana fedha kila wiki, hakuna mkataba wala ofisi, na anayetoroka na zamu yake ni nadra. Watu wanaoweza kufanya hivyo kwa fedha hawashindwi kufanya hivyo kwa saa moja ya mazungumzo.

Liko pingamizi moja ambalo silipuuzi, la wanawake. Nilisema mlevi wa barabarani hana siri. Mwanamke anayekunywa nyuma ya jiko anayo, na mwalimu wa shule anayo, na shemasi pia. Jina lao likitoka, mmoja atapoteza ndoa na mwingine kazi. Mji wa wachimbaji ni mdogo, kila mtu ni shemeji wa mtu. Kwao jibu ni umbali. Wa Likasi akakae na wa Kapolowe au wa Kambove, na wanawake wawe na kikao chao, kwa saa ambayo mama anaweza kusema anakwenda sokoni. Wake wa walevi nao wana haki ya kikao kisichohusu kumwokoa mume. Lois, mkewe Bill Wilson, alisaidia kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa sababu aliona wao pia wameugua kwa namna yao. Hata hivyo hatari ya jina kutoka haiishi kabisa, na anayeahidi kwamba inaisha anadanganya. Mtu apime hatari hiyo na ile ya kuendelea.

Kwa hiyo wewe unayekunywa na umechoka, au uliyeacha wiki hii na unatetemeka ukifikiria Jumamosi: ulizia kwanza, maana huenda kuna watu wanaokutana karibu nawe ambao hawajabandika tangazo. Muulize muuguzi anayewapokea walevi usiku, waulize wa Guislain ukienda Lubumbashi, ingia katika mikutano ya AA ya Kifaransa inayofanyika kwa simu kama vifurushi vya intaneti unavimudu. Ukikosa, fanya alichofanya yule dalali hotelini. Mwendee mchungaji au muuguzi, na badala ya kumwomba akuponye, mwombe akutajie mtu mmoja mwenye shida kama yako aliyechoka pia. Kubalianeni siku na saa isiyobadilika, saa ile ambayo kwa kawaida mngekuwa mnakunywa. Kwa mvuvi ni mchana, kwa wa mjini ni jioni. Mmoja aseme, mwingine asikilize, kisha mbadilishane, na aliyelewa siku hiyo aruhusiwe kukaa mradi anyamaze. Nanyi wenye funguo za madarasa na kumbi za parokia, kuanzia Panda na Shituru hadi Kapolowe, mtakapoombwa chumba kwa saa moja kwa wiki, toeni ufunguo, na msiulize majina ya watakaoingia.